Kibuyu Kilichotembelea Mombasa

Rafiki yangu, wiki jana nilikuwa Kapsoit nangoja mtu aniletee miche ya chai, na basi la shule likasimama kando ya barabara. Watoto wakateremka mbio kununua mahindi ya kuchoma, kelele kama kuku walioona mwewe. Nikamuuliza msichana mmoja, "Mnaenda wapi nyinyi?"

"Mombasa, anti! Tunaenda kuona Fort Jesus!"

"Na mmebebea watu wa huko nini?"

Akaniangalia vile mtu huangalia hesabu ngumu. "Watu gani?"

"Wenye nyumba."

Walicheka hao wote. Mmoja akasema, "Anti, hii ni tua ya shule, si harusi." Basi likaondoka na vumbi lake. Mimi nikabaki hapo nikicheka peke yangu, maana swali lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la nyanya yangu, na aliliuliza nikiwa mdogo kama wale, miaka ya tisini, nilipokuwa karibu kuona mji mkongwe kwa macho yangu.

Nyumbani kwetu ni karibu na Silibwet, upande ule mashamba ya chai yanashuka mpaka mtoni. Jumamosi asubuhi kwetu ilianza na umande kwenye magoti. Tulichuma majani kabla jua halijapanda, kikapu mgongoni, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu ambao sabuni ya kipande haikuweza kuutoa. Upepo ukigeuka ulileta harufu ya kiwanda, ile harufu ya majani yanayokaushwa, na mpaka leo nikiinusa naanza kutafuta sweta. Betri za redio zilianikwa juani kwenye jiwe ili ziweze kusema habari za saa moja. Na jikoni, kwenye moshi, alikaa nyanya, tuliyemwita Kogo kama watoto wote wa Kipsigis wanavyoita nyanya zao.

Kogo alikuwa mtu wa vibuyu. Alikuwa na kimoja alichokipenda kupita vyote, chembamba, kimevishwa shanga shingoni na kifuniko cha ngozi. Alikisugua ndani kwa ufagio mdogo wa ukuti, kisha akachoma kijiti cha mti wa senetwet na kupaka makaa yake ndani mpaka ukuta wote ukawa mweusi unang'aa. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakaingia humo, yakafungwa, yakakaa siku zao. Yakitoka ni mursik, mazito, yamechorwa mistari ya bluu-kijivu. Mgeni akija kwetu hakuulizwa habari kabla hajashika kikombe cha hayo maziwa. Na ukitembelea watu, hukwenda mikono mitupu. Hiyo ilikuwa sheria, kama vile mvua kunyesha saa nane.

Sasa mwalimu wetu akaamka siku moja akasema shule yetu itaungana na shule ya estate moja ya chai ya Kericho, tukodi basi, twende Mombasa. Mwalimu alikuwa mtu mkali lakini mwenye ndoto kubwa kuliko shule yenyewe, ambayo madirisha yake yalikuwa mashimo. Baba alikuwa amepokea bonasi ya majani chai, akakubali. Lakini ruhusa ya mwisho nyumbani kwetu haikuwa ya baba. Mwalimu akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akapewa kikombe. Waliongea Kikipsigis, mimi nakupa kwa Kiswahili.

"Mwalimu, mnapeleka watoto kuona nini?" Kogo akauliza.

"Nyumba za zamani, mama. Mombasa ndio ilikuwa makao makuu kabla ya Nairobi. Kuna ngome kubwa ya mawe. Lazima watoto waone historia."

"Hiyo ngome ni boma ya nani?"

"Ya Wareno. Lakini walienda."

"Wakaachia nani?"

"Waarabu."

"Na hao?"

"Wakaja Waingereza, wakafanya jela."

"Na sasa nani analala huko?"

"Hakuna mtu, mama. Iko chini ya serikali."

Kogo alicheka mpaka akashika mbavu. "Serikali! Serikali inapika wapi? Mwalimu, nyumba haikosi mwenyewe. Sasa nyinyi mtaingia, mtaangalia pahali watu wanalala, pahali wanapika, halafu mtoke hivyo hivyo, mkipanguza mdomo?"

Mwalimu akaangalia kikombe chake. Mtu hawezi kubishana vizuri akiwa na mursik ya mwenyeji mkononi.

Basi Kogo akatoa masharti. Nitaenda, lakini nitaenda na kibuyu chake cha shanga, kimejaa. Nitampa mama mwenye nyumba, mkononi, si kuweka chini. Nitarudi na kibuyu, na nitarudi na neno la huyo mama. "Maziwa ya nyumba hii hayajawahi kurudi," akaniambia, na hakuwa anacheka tena. "Maziwa yakikataliwa, ni nyumba imekataliwa. Umesikia?"

Nilisikia. Na kitu kilichofanya nisikie vizuri ni kwamba kilikuwa kiangazi. Mwezi wa pili, nyasi zimekauka, hata majani ya chai yamejikunja pembeni kama karatasi iliyopita karibu na moto. Ng'ombe wetu mmoja aliyekuwa anakamwa alitoa maziwa ya kulowesha chini ya sufuria tu. Ili kibuyu kijae, nyumba nzima ilikunywa turungi, chai nyeusi isiyo na tone la maziwa. Mdogo wangu alilia kila asubuhi. Mama alimwambia anyamaze. Baba alipuliza kikombe chake akasema, "Angalau majani ni yetu," akanywa, akaenda kuchuma. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia vibaya. Hilo ndilo lilinikalia moyoni: watu sita wanakunywa turungi ili mtu wa Mombasa wasiyemjua apate maziwa, na mbebaji ni mimi.

Tuliondoka alfajiri na baridi ya kuuma masikio. Tulipita Kericho tukachukua wale wenzetu wa estate, halafu Kedowa, ambako akina mama walitusimamisha na karoti na viazi kana kwamba watoto wa tua wana sufuria. Sote tulivaa sweta za kijani, nzito, maana sweta ilikuwa yunifomu na mwalimu hakutaka tuonekane kama watu wasio na shule. Kando yangu alikaa binti mmoja wa estate, wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani. Aliona kibuyu mapajani mwangu akaangua kicheko.

"Nyinyi mumebeba kibuyu! Na ng'ombe iko wapi, kwa keria juu ya basi?"

"Ni ya mwenye nyumba," nikasema.

"Nyumba gani?"

Nikamweleza. Alicheka tena, lakini baadaye, barabara ilipoharibika, aliweka mkono wake juu ya kifuniko bila kuombwa.

Nairobi tulilala kwenye madarasa ya shule moja, tukaona saa ya bunge kwa mbali, tukasonga. Ndipo joto likaanza. Wewe mtu wa Bomet unajua joto? Hujui. Tulipofika kule ambako udongo ni mwekundu na ndovu pia ni wekundu, jasho lilikuwa linaingia machoni, na watoto walikuwa wamelala midomo wazi. Binti wa estate akanishika mkono.

"Wee. Hiyo kitu yako inapumua."

Nikasikiliza. Kweli, kibuyu kilikuwa kinapiga mluzi mdogo, ssss, kama mtu anayeficha siri kwa shida. Kwetu kwenye baridi kibuyu hakijawahi kufanya hivyo. Kogo alijua kila kitu kuhusu maziwa, lakini hakujua Mombasa. Kabla sijasema neno, kifuniko kiliruka kama risasi, kikagonga paa la basi, na maziwa yakapanda juu kama yamemwona adui. Mwalimu alikuwa kiti cha mbele yetu. Alikuwa amevaa suti, ile ya harusi yake, na ilikuwa nyeusi.

Halafu mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Mwalimu amebarikiwa," na kicheko kilichofuata kilikaribia kututoa barabarani.

Mwalimu hakucheka. Alijipangusa na leso mpaka leso ikashindwa. "Tukifika," akaniambia, "unamwaga hiyo kitu. Yote. Umenisikia?"

Nilijibu ndio mwalimu, lakini machozi yalikuwa yanashuka. Ndani kulikuwa kumebaki nusu. Binti wa estate alitambaa chini ya viti mpaka akapata kifuniko, tukakiweka bila kukaza, tukawa tunashika kwa zamu ili kipumue.

Ngome, rafiki yangu, ni kubwa. Sitakudanganya kwamba sikuiona. Niliona kuta nene za matumbawe, mizinga iliyoelekezwa baharini, kisima kirefu cha maji ya mvua, na ile njia ya mawe inayoshuka mpaka chini karibu na maji. Niliweka kiganja kwenye ukuta, ulikuwa na joto kama mgongo wa ng'ombe. Mwalimu alieleza vizuri sana, na doa la maziwa kifuani, nani alimzingira nani, nani alikufa kwa njaa humo ndani. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa natafuta mama mwenye nyumba. Kila mlango tuliopita nilichungulia kuona kama kuna sufuria. Hakukuwa na sufuria. Mwishoni nilirudi langoni kwa mzee aliyekuwa anauza tiketi.

"Wewe ndio mwenye hapa?" nikamuuliza.

"Mimi ni wa tiketi tu, mwanangu. Mwenyewe ni mkubwa wangu."

"Yuko wapi?"

"Nairobi," akasema, akapiga miayo.

Tulikuwa tumetoka huko juzi tu.

Kutoka hapo tukaingia vichochoro vya mji wa kale. Nyumba zimekaribiana mpaka watu wa ghorofani wanaweza kusalimiana kwa mikono. Harufu ya kitu kinachokaangwa, ya samaki, ya maua ambayo sikuyajua. Mwalimu akatusimamisha mbele ya mlango mmoja mkubwa, mbao nyeusi zimechongwa maua na minyororo, na misumari ya shaba mikubwa kama mayai ya kware.

"Huu mlango," akasema, "ni mzee kuliko babu zenu wote. Sikieni vile mbao ni ngumu." Akaugonga na rula yake, ko ko ko. Kisha macho yake yakanipata, na mikono yangu, na nilichobeba. "Wewe! Bado hujamwaga? Hapo kuna mtaro. Sasa hivi."

Nikapiga magoti kando ya ngazi. Nikatoa kifuniko. Niliona mdogo wangu na kikombe chake cha turungi, nikaona baba anapuliza. Mikono ilikataa kuinamisha kibuyu. Mwalimu, akifikiri nimetii, akagonga mlango tena kuwaonyesha wale wa nyuma. Ko ko ko.

"Naja, naja! Mwabisha kama polisi!"

Mlango mkongwe ukafunguka. Mama mmoja mzee, mfupi, amejitanda leso ya maua, akasimama kwenye kizingiti akituangalia sote na sweta zetu. Kisha akaniangalia mimi chini.

"We mwana, wamwaga nini mlangoni pangu?"

Mwalimu akapata kigugumizi. "Samahani mama, hatukujua kuna mtu. Tunaangalia mlango tu. Ni historia."

"Historia? Na mie nilolala ndani ni nini?"

Hata mwalimu alicheka hapo, kidogo, kwa aibu. Lakini mimi sikucheka, maana nilikuwa nimempata. Nilisimama, nikapanguza magoti, nikanyoosha kibuyu kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Nyanya yangu amesema hii maziwa ni ya mama mwenye nyumba. Imemwagika nusu kwa gari. Si makosa yake, ni joto."

Yule mama alikipokea kwa mikono yote miwili. Akakiinamia, akanusa. Nikaona uso wake unabadilika, na nikafikiri, basi, imekwisha, tumekataliwa.

"Yana moshi haya," akasema.

"Ni makaa ya mti, mama," mwalimu akaeleza. "Kwetu tunapaka ndani ya kibuyu. Lakini si lazima unywe, watoto hawa..."

"Nimekuuliza kama lazima?" Akaita ndani waletewe vikombe. Akajimiminia mwenyewe. Maziwa yalikuwa ya kijivu kuliko nilivyokumbuka, na mazito. Akanywa funda moja. Akafumba macho. Akafumbua.

"Makali kama mkwe wangu," akasema, na akamaliza kikombe.

Rafiki, nilitaka kumkumbatia miguu. Alituingiza ndani, sote, tukajipanga kwenye ukumbi wa baridi kama ndani ya pango. Akammiminia mwalimu kikombe kilichobaki, na mwalimu akanywa amesimama, suti yake na doa lake, akatulia kama mtu aliyefika nyumbani. Sisi tukapewa maji ya mtungi. Yalikuwa na harufu. Wenzangu wa Silibwet walitazamana.

"Inanuka sabuni," mmoja akanong'ona.

"Wapi! Inanuka kanisa," akasema binti wa estate, ambaye wazazi wake walikuwa Wakatoliki. "Padri anatingisha kitu hivi, hivi, halafu inanuka hivi."

Mama mwenye nyumba alimsikia. Akatuonyesha chetezo, chombo kidogo cha udongo chenye makaa, na vipande vya ubani alivyotupia juu. Moshi mweupe ukapanda. Alisema mitungi yake yote huifukiza hivyo, na mama yake alifukiza, na mama wa mama yake. Kisha akakisuuza kibuyu cha Kogo kwa maji, taratibu, akizunguka zile shanga zisilowe, akakifunika kinywa chini juu ya moshi ule mpaka kikajaa.

"Nyanyako ataka jibu?" akaniuliza.

"Ndiyo. Amesema nirudi na neno."

"Mwambie nami nafukiza."

Nilitaka kushukuru, na Kiswahili chote kikanitoroka. Nikasema "Kongoi," ambayo kwetu ni asante. Yeye akadhani namwombea dua. Akaweka mkono kifuani, akajibu, "Amin."

Siku niliyorudi nyumbani, Kogo hakuuliza habari za ngome. Hakuuliza mizinga wala ndovu wekundu. Alichukua kibuyu, akafungua, akaingiza pua. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mama akauliza kama kuna shida. Kogo akampa anuse. Kikazunguka kwa baba, kwa wadogo zangu, kila mtu akivuta pumzi na kuangalia juu.

"Alikunywa?"

"Alimaliza kikombe, Kogo."

"Akasema nini?"

"Mwambie nami nafukiza."

Kogo aligeuza uso akaangalia moto. Alikataa kabisa kukisugua kibuyu ile harufu itoke. Ng'ombe alipopata nyasi tena, mursik ya kwanza ilikuwa na ubani ndani, na baba alisema ni kama kunywa bibi harusi. Tulikunywa yote.

Jumapili iliyofuata kanisani, wakati wa watu kutaja haja zao, Kogo alisimama. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa, halafu akamwombea mama wa mlango mkubwa, huko Mombasa, yeye na watoto wake na mitungi yake. Watu waligeuka kutazama. Jumapili iliyofuata akarudia. Na nyingine. Miaka ikapita, watu wakazoea, wakawa wanasema amina kabla hajamaliza. Pasta mpya alipoletwa aliuliza kama huyo ni binti yetu aliyeolewa mbali.

Kogo hayuko sasa. Kile kibuyu kilipasuka kiangazi kingine, na mursik siku hizi nainunua Kericho kwenye chupa ya plastiki, nzuri tu, siilaumu. Kwenye estate mashine zinakata majani pahali tulisikia akina mama wakiimba. Nyumba yetu ile ya moshi ilibomolewa tukajenga ya mawe, na nashukuru, haivuji. Watu wale waliokunywa turungi kwa ajili yangu wamezeeka au wametawanyika, na sijawahi kuwalipa, wala hawajawahi kudai.

Lakini ninachokifikiria zaidi ni yule mama. Alimpokea mtoto mmoja wa sweta, mara moja, akafunga mlango wake akaendelea na kazi zake. Labda alitusahau kabla ya jua kuzama. Hakuwahi kujua kwamba huku juu kwenye baridi, kwenye kanisa la mabati, kulikuwa na mwanamke asiyemjua jina aliyesimama kila Jumapili kumtaja mbele ya Mungu, mpaka siku miguu ilipokataa, na hata hapo akamtaja amekaa.